Uzi wa mafundi: mbao na plaiwudi za dawa, na kile unachokifungua kila unapozikata

#1 Seremala wa Juu

Wakuu, habari za kazi. Mimi ni seremala wa majengo, nina miaka kumi na tisa kwenye fani, na nina jambo limenikaa kooni tangu wiki iliyopita.

Tulikuwa tunakata plaiwudi ya dawa ya milimita 18, ile yenye ukijani uliofifia, kwa ajili ya sakafu ya baraza. Saidia fundi wetu, kijana mchapakazi kweli, alikuwa na kiroba. Kila tukimaliza kukata anakusanya unga na vipande, nami nikajua anasafisha. Jioni namwona anakifunga kamba. Nikamuuliza, hicho kinakwenda wapi? Akanijibu kwa furaha kabisa: unga wa kutandika kwenye banda la vifaranga, vipande vya mama kuwashia moto.

Nikamwambia akitue. Akaniangalia kama namnyima kitu ambacho kila siku huwa tunakitupa. Nikaketi naye juu ya rundo la mabanzi nikamweleza, na kadiri nilivyokuwa naeleza ndivyo nilivyoona mafundi wengine watatu wamesogea, watu wazima wenye uzoefu, nao wanayasikia maneno hayo kwa mara ya kwanza. Usiku ule nilichelewa kulala.

Tuanze na tunachokizungumzia. Mbao za kiwandani ni zile zinazoundwa kwa kugundisha mti uliochanwa. Plaiwudi ni tabaka nyembamba zilizopishanishwa nyuzi. LVL ni tabaka kama hizo lakini nyuzi zote zinaelekea upande mmoja, ndiyo maana inabeba mzigo kama boriti. Glulam ni mbao nzima nzima zilizogundishwa kuwa boriti kubwa. OSB ni vipande bapa vilivyoshindiliwa na gundi. Halafu kuna chipibodi, ya chembe za mti zilizoshindiliwa na gundi, na MDF, ya nyuzi laini za mti zilizoshindiliwa hivyohivyo. Nyingi kati ya hizo huongezwa dawa ya mchwa, bungua na kuoza, au dawa ya kuchelewesha moto. Kwa hiyo mkononi umeshika mti, gundi na dawa, na kila kimoja kinadhuru kwa njia yake.

Ubao mzima, mkavu, uliolala kwenye rundo, ukiushika na glavu haukufanyi kitu cha maana. Mambo yanabadilika msumeno ukiugusa. Dawa huingia kutokea nje kwenda ndani, na kwenye boriti nene mara nyingi haifiki kiini. Sasa ukikata, umefungua milango miwili kwa mpigo. Mlango wa kwanza unatoa vumbi lenye dawa na gundi kuelekea puani kwako. Mlango wa pili unaacha mti usio na dawa wazi, na mchwa na maji wanaukuta. Fundi anayekata ovyo anajiumiza yeye na anamwibia mwenye nyumba kwa mkato huohuo mmoja. Mengine yote nitakayoandika humu yanatoka hapo.

Kuhusu dawa zenyewe. Iliyo maarufu kuliko zote ni CCA, mchanganyiko wa kromiamu, shaba na aseniki, iliyogunduliwa na Sonti Kamesam nchini India mwaka 1933. Ilifanya kazi vizuri mno, na ndiyo iliyozipa mbao za dawa ule ukijani tunaoujua. Katika aina yake iliyotumika zaidi, asilimia 34 ya oksidi zilizomo ni ya aseniki. Viwango vya Marekani vilitaka kilo 4 za dawa kwa kila mita ya ujazo ya mbao za kutumika juu ya ardhi, na kilo 6.4 kwa zile zinazogusa udongo. Piga hesabu: hata kwenye kile kiwango cha chini kuna zaidi ya kilo moja ya oksidi ya aseniki ndani ya mita moja ya ujazo. Marekani waliiondoa kwenye mbao za makazi mwishoni mwa mwaka 2003, na Umoja wa Ulaya ukaibana mwaka 2004. Lakini nyumba zilizojengwa kabla ya hapo bado zimesimama, na anayezibomoa ni mimi na wewe.

Zilizoipokea ni zile za shaba bila aseniki, kama ACQ na shaba azoli. Kuna borati, ambayo kwa binadamu ni pole zaidi lakini huyeyuka na maji, hivyo ni ya ndani tu, mahali pakavu. Kuna dawa za kuyeyushwa kwenye mafuta mepesi, zenye viua wadudu kama permethrini, ambazo hutumika sana kwa boriti za LVL na glulam kwa sababu haziufanyi mti uvimbe. Na kuna za kuchanganywa moja kwa moja na gundi pale kiwandani.

Karibuni tujadili. Mwenye uzoefu aongeze.

#2 Kenchi

Asante kwa uzi mkuu. Swali langu: nikiletewa mzigo saiti nitajuaje kwa macho kwamba una dawa, na ni dawa gani? Kuna wanaosema kijani ndiyo sumu, isiyo kijani ni salama.

#3 Seremala wa Juu

Mkuu Kenchi, hilo la kijani liondoe kabisa kichwani, limewaponza wengi. CCA ni kijani, ila na za shaba zisizo na aseniki nazo ni kijani. Ubao ukishakaa juani miaka kadhaa ukijani wote hupotea, unabaki wa kijivu kama ubao mwingine wowote mkuukuu, na aseniki bado imo. Borati haina rangi. Na ile plaiwudi ambayo dawa yake imo ndani ya gundi ukiiweka kando ya plaiwudi ya kawaida hutaona tofauti hata kidogo, kwa sababu kiua wadudu kimejificha katikati ya tabaka. Unapoipiga msasa ukavuka tabaka la juu, hapo ndipo unapokutana nacho.

Soma muhuri au kijikaratasi kilichobanwa kwenye ncha ya ubao. Kitaandika aina ya dawa na daraja la matumizi. Kwa mfano, mfumo wa Australia na New Zealand hutumia herufi H na namba: H2 ni kwa ndani dhidi ya mchwa, H3 ni nje lakini juu ya ardhi, H4 ni ya kugusa udongo, na H6 ni ya majini baharini. Kadiri namba inavyopanda ndivyo mazingira yanavyokuwa magumu kwa mti. Usichukue ya H2 ukaiweka nje kwenye mvua kwa sababu tu imeandikwa ina dawa.

Mimi kwenye mzigo wowote kitu cha kwanza ni kupiga picha kijikaratasi kabla hakijang'oka. Mtu akija kuuliza baada ya miezi sita kilichomo ukutani, jibu ninalo. Muuzaji mwaminifu pia ana karatasi ya usalama ya bidhaa. Iombe, ni haki yako kuiona. Kama ni mbao za kubomoa na hazina maandishi yoyote, zihesabu kuwa na aseniki mpaka maabara iseme vinginevyo.

#4 Mchora Ramani

Mimi ni mchoraji, niko saiti mara mbili kwa wiki, na kinachoniumiza ni ile harufu ya MDF ikikatwa ndani ya chumba. Macho yanawasha, koo linakauka. Fundi wetu anafunga kitambaa mdomoni na kusema kinatosha. Kinatosha kweli?

#5 Seremala wa Juu

Hakitoshi dada yangu, tena kinampa moyo wa kukaa kwenye vumbi muda mrefu kuliko ambavyo angekaa bila kitu.

Unaposikia macho yanawasha, tenganisha mambo mawili, vumbi na gesi. Vumbi la mbao, hata lisilo na dawa wala gundi, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, lililiweka mwaka 1995 kwenye kundi la kwanza la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Wanalolitaja hasa ni saratani ya pua na mianzi yake. Gesi ni fomaldihidi, inayotoka kwenye gundi ya yurea iliyomo kwenye MDF, chipibodi na plaiwudi nyingi za ndani. Nayo shirika hilohilo liliiingiza kundi la kwanza mwaka 2004. Plaiwudi za nje na OSB nyingi hutumia gundi nyingine, kama ya fenoli, ambayo hutoa gesi kidogo mno. Ukitazama ukingo wa plaiwudi ukaona mistari ya gundi ina wekundu wa kahawia uliokolea, mara nyingi ndiyo hiyo ya fenoli.

Barakoa ya vumbi inayofaa ni ya daraja la N95, P2 au FFP2 kwenda juu. Kitambaa hakina daraja lolote. Ila hata N95 inazuia chembe peke yake; gesi inapita kana kwamba hakuna kitu. Ukihitaji kuzuia gesi kuna barakoa za mpira zenye makopo ya kuchuja mvuke, na kopo lenyewe lazima liwe limeandikwa kwamba linahimili fomaldihidi. Lakini kwa kweli dawa ya gesi ni hewa. Kata nje.

Nataka niliseme vizuri hili la kuvaa, maana ndipo tunapoharibu. Barakoa inawekwa chini ya kidevu kwanza, mkanda wa juu unapita utosini, wa chini unapita shingoni chini ya masikio. Kisha kile chuma cha puani unakibonyeza kwa vidole vya mikono yote miwili, kuanzia katikati kwenda pembeni, mpaka kilale juu ya mfupa. Funika barakoa kwa viganja, toa pumzi kwa nguvu. Ukihisi upepo machoni, haijakaa, rudia. Mwenye ndevu barakoa ya namna hiyo haimshiki, hewa inapita katikati ya nywele, na hapo itabidi achague ndevu au aina nyingine ya kinga. Nimeona watu wanakata mkanda wa chini kwa sababu unabana. Ukishaukata huo umebaki na pambo.

Na kabla ya barakoa, punguza vumbi lenyewe. Msumeno mkali wenye meno mazuri unatoa chembe kubwa zinazoanguka chini. Butu unasaga na kuunguza, na gundi ikiungua moshi wake ndio unaotoa machozi. Mashine ya msasa na ile ya kuchimba mifereji hutoa vumbi laini kuliko msumeno, hilo linaloelea hewani hata baada ya wewe kuondoka. Fungia mashine bomba la kufyonza. Simama upande upepo unapotokea. Ukimaliza usifagie kavukavu, na usipulize nguo zako kwa kompresa, hata siku moja. Nyunyiza maji kidogo au fyonza kwa mashine yenye chujio zuri. Umoja wa Ulaya tangu Januari 2023 unaruhusu miligramu 2 tu za vumbi la mbao ngumu kwa kila mita ya ujazo ya hewa, wastani wa saa nane za kazi. Mtu anayepiga msasa kwenye chumba kilichofungwa ameivuka hiyo mapema sana.

#6 Randa Kuukuu

Vijana, niruhusuni. Nimekata mbao za dawa miaka thelathini na mitano, mdomo wazi, na leo niko hapa naandika. Babu zetu walipaka nguzo kriosoti, ile dawa nyeusi ya lami, kwa mikono. Naona mnawatia watu hofu, mwishowe fundi ataogopa hata kushika mbao.

#7 Seremala wa Juu

Shikamoo mzee wangu. Nakushukuru kwa kuingia, maana unalosema wengi wanalifikiri na hawalisemi.

Mzee, saratani ya pua inayotokana na vumbi la mbao huchukua miongo kujitokeza. Huwezi kuipima kwa kuangalia nani bado yuko kazini, kwa sababu walioondoka hawaji kutuaga saiti. Mimi nilifundishwa kazi na fundi aliyekuwa na kikohozi ambacho sote tulikizoea, tukakiita sauti yake. Sijui kilitokana na nini, sitasema nisilolijua. Ila najua hakuna siku aliyovaa kitu usoni, na mimi nilimwiga kwa miaka kumi.

Hizo kriosoti za babu zetu leo zinahesabiwa kuwa huenda zinasababisha saratani, na ngozi ikiguswa nazo kisha ikapigwa na jua inaungua vibaya.

Na kuna kisa kimoja kilichoandikwa na madaktari mwaka 1984, huwa nakisimulia kwa kila kijana mpya. Familia ya watu wanane, kijijini katika jimbo la Wisconsin, Marekani. Kwa miaka mitatu walikuwa wanaugua mara kwa mara, na kila majira ya baridi hali inakuwa mbaya zaidi. Baba na mama nywele zinanyonyoka. Ikaja kuonekana kwamba kwenye jiko dogo la kupashia nyumba joto walikuwa wanachoma mabaki ya plaiwudi yenye CCA, na aseniki ikakutwa kwenye nywele na kucha zao. Hakuna aliyewatilia sumu. Walikuwa wanaota moto tu. Sasa mzee, nikifikiria kiroba cha yule kijana, siwezi kunyamaza.

#8 Mhandisi Miundo

Uzi mzuri. Naomba niongeze upande wa pili wa ule mlango, wa jengo lenyewe, kwa sababu nimeitwa mara nyingi kuangalia kasoro zilizoanzia kwenye msumeno.

Mosi, ncha iliyokatwa ipakwe dawa hapo hapo. Inayotumika sana ni shaba naftaneti, na viwango vya Marekani vinataka iwe na shaba asilimia 2. Ipakwe kwa brashi mpaka mti ukatae kunywa, na matundu ya bolti pia, ambayo karibu kila mtu huyasahau. Ncha zinazogusa zege au udongo usiziweke zile ulizokata wewe. Geuza ubao, ncha ya kiwandani iende chini, ya kwako ibaki juu.

Pili, boriti za kiwandani hazichanwi kwa urefu, hazipigwi randa wala kutobolewa kwa kukadiria. LVL ikichanwa unapoteza ganda la dawa upande mzima, na nguvu aliyoihesabu mhandisi haipo tena. Zile boriti zenye umbo la herufi I, mbao za juu na chini hazikatwi kamwe, hata pengo dogo la kupitisha bomba. Matundu yanapita kwenye ubao wa katikati peke yake, kwa ukubwa na umbali ulioandikwa kwenye jedwali la mtengenezaji. Fundi bomba ndiye anayeniharibia kazi hapa, maana anafika wakati mimi sipo.

Tatu, misumari. Kwenye CCA ile kromiamu ilikuwa inasaidia kuzuia kutu. Dawa mpya zina shaba nyingi na hazina kromiamu, kwa hiyo zinakula chuma haraka zaidi. Nimeng'oa vishikio vya boriti vilivyoliwa hadi unavivunja kwa vidole, na kwa nje vilionekana vina vumbi jeupe tu. Tumia misumari na vishikio vilivyozamishwa kwenye zinki iliyoyeyushwa. Vile vya kupakwa zinki nyembamba kwa umeme usivikaribishe. Karibu na bahari tumia chuma cha pua, kile kisichoshika kutu. Na usichanganye msumari wa chuma cha pua na kishikio cha zinki, vilingane. Bati la alumini lisigusane moja kwa moja na mbao za shaba.

Nne, plaiwudi za dawa ya moto. Miaka ya 1980 mashariki mwa Marekani nyumba nyingi za kupakana ziliezekwa kwa plaiwudi hizo chini ya vigae. Baada ya miaka michache zikawa nyeusi, zikakatikakatika, watu wakawa wanatumbukia mguu wakipanda paani. Dawa yenyewe ilikuwa inatoa tindikali ikipata joto la paa na kuula mti polepole. Za sasa zimerekebishwa na hupimwa kwa joto kali kabla ya kuuzwa, lakini kwenye paa uliza kama hiyo uliyopewa imeidhinishwa kwa paa. Jina la dawa ya moto peke yake halitoshi.

#9 Seremala wa Juu

Mhandisi, ubarikiwe. Hilo la kugeuza ncha ya kiwandani iende chini ni la kuandikwa ukutani kwenye kila karakana.

Niongeze kidogo juu ya kupanga mkato. Tangu niuelewe mlango wa pili, kazi yangu imebadilika kabla hata ya kuwasha mashine. Napima yote kwanza, naandika orodha, na vile vinavyoweza kukatwa kiwandani kabla ya kutiwa dawa naagiza vikatwe huko. Vilivyobaki navikata siku moja, sehemu moja, juu ya turubai, pembeni kabisa na wanapolia chakula. Zamani tulikuwa tunakata kila mtu aliposimama, unga unatapakaa jengo zima hadi kwenye tangi la maji. Turubai moja limeniondolea nusu ya shida.

Turubai hilo halikunjwi lote kwa pupa. Unanyunyiza maji, unakunja pembe nne kuelekea katikati, unamimina kwenye mfuko mzito. Unga wenye permethrini usikaribie mto wala bwawa, samaki hawaihimili hata kidogo, na nyuki vilevile.

Kupokea na kubeba sitakaa sana. Karatasi ya MDF ya milimita 18 ya ukubwa wa kawaida ina karibu kilo 40, ni ya watu wawili, na penye upepo ni tanga. Rundo liinuliwe juu ya magogo, lifunikwe juu, pembeni pawe wazi lipumue. Zilizotoka kwenye dawa mbichi bado zikilowa au zikinuka mafuta ziacheni zikauke penye hewa; mvuke wake unawaka, usimruhusu mvuta sigara apite hapo. Sakafuni na paani karatasi ziachiane milimita 3, maana zitavimba tu.

Glavu, miwani, mikono mirefu. Permethrini ikigusa ngozi utahisi mchonyoto kama wa siafu unaotembea, wala usisugue, osha kwa sabuni na maji ya baridi. Mikono ioshwe kabla ya kula na kabla ya sigara. Nguo za kazi zisifuliwe pamoja na za watoto.

#10 Mama Mjenzi

Habari zenu kaka zangu. Mimi si fundi, ni mwenye nyumba. Tumewekewa makabati mapya ya MDF chumba cha mtoto wa miezi minne na harufu bado ni kali wiki ya pili. Nifanye nini?

#11 Seremala wa Juu

Hongera kwa mtoto, dada. Kwanza mtoto alale chumba kingine kwa sasa, hilo lifanye leo. Fungua madirisha na milango ya makabati mchana kutwa. Joto na unyevu huifanya gundi itoe gesi zaidi, kwa hiyo chumba cha moto kilichofungwa ndicho kibaya kuliko vyote.

Pili, mwite fundi akague kingo. Uso wa kabati mara nyingi umefunikwa kwa karatasi ya melamini, lakini nyuma, chini na kwenye matundu ya bawaba MDF imeachwa wazi, na huko ndiko inakotoka. Kingo zote zizibwe kwa utepe au rangi ya kuziba. Kazi hiyo aifanyie nje, si chumbani.

Tatu, uliza daraja la karatasi zilizotumika. Zile za E1 barani Ulaya zimewekewa kikomo cha miligramu 0.124 za fomaldihidi kwa mita ya ujazo kwenye chumba cha majaribio. Shirika la Afya Duniani linasema hewa ya ndani isizidi miligramu 0.1 kwa wastani wa dakika thelathini. Ukiziona hizo namba mbili zilivyokaribiana utaelewa kwa nini hata karatasi ya E1 ikijazwa kwenye chumba kidogo bado inahitaji hewa. Gesi hupungua kadiri wiki zinavyopita. Mtoto akikohoa au macho kuwa mekundu, mpeleke kwa daktari na umweleze habari ya makabati.

#12 Kenchi

Mkuu, kuna kitu hukumalizia. Kile kiroba ulikizuia. Je, siku zilizotangulia kijana hakuwa amepeleka vingine?

#13 Seremala wa Juu

Nilijua kuna mtu ataliuliza, na ni kijana mwenyewe aliyeniuliza wa kwanza. Baada ya kumweleza alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Na kile cha juzi?"

Tulienda kwao jioni ileile. Kiroba cha juzi kilikuwa tayari kimetandazwa, vifaranga wamekalia. Kwanza tukawatoa. Tukavaa barakoa na glavu, tukanyunyizia maji tandiko lote mpaka likawa zito, tukalikwangua kwa koleo pamoja na udongo wa juu, tukaweka kwenye mifuko miwili miwili. Chini tukatandaza nyasi kavu. Mama yake alikuwa amebakiwa na vipande vitatu kando ya jiko, vingine alishavichoma, na majivu aliyamwaga kwenye tuta la mboga. Nikaangalia picha ya kijikaratasi kwenye simu yangu: shaba azoli. Aseniki haikuwemo, nikashusha pumzi. Lakini shaba haiungui, yote hubaki kwenye majivu, kwa hiyo yale majivu tuliyazoa na udongo wake, na nikamwomba mama asivune kwenye tuta lile.

Mifuko yote nimeirudisha saiti, inasubiri gari la taka za ujenzi liende kwenye jalala lenye ruhusa ya kupokea taka za dawa. Vipande havichomwi, havigeuzwi mboji, havitengenezwi ubao wa kukatia nyama.

Jana kijana kaja na kopo la shaba naftaneti na brashi, kasimama mwisho wa meza ya msumeno. Kila ncha inayotoka, kabla haijafika kwenye rundo, anaipaka.

#14 Randa Kuukuu

Mwanangu, hiyo barakoa ya P2 ukubwa wake unachaguaje? Yangu inapwaya puani.

#15 Seremala wa Juu

Mzee wangu, jaribu aina mbili tatu, nyuso hazifanani. Bonyeza kile chuma kwa vidole vya mikono yote miwili, funika kwa viganja, toa pumzi. Upepo ukija machoni, badili aina nyingine mpaka uipate inayokaa. Na kama zote zinapwaya, nitumie ujumbe, nina ya mpira yenye vichujio vya kubadilisha, nitakuonyesha inavyofungwa.